Nilinunua MG ya 1966, Kogo Akakataa Kutoka Nje

Swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile: "Wewe, hiyo gari ulinunua ngapi?" Wengine hawaulizi hata jina lake, wanataka namba tu. Sawa. Leo nawapa namba zote, hadi zile za aibu. Halafu nitawaambia kitu ambacho sijawahi kusema kwa video, kwa sababu kila nikijaribu kukisema mbele ya kamera naharibu.

Kwa wageni: mimi ni yule msichana wa Litein anayerekodi gari za zamani. Nina miaka 23. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sikufukuzwa, niliacha. Nilikuwa nasomea mambo ya biashara, karo ilikuwa imerundikana, na vipindi vya asubuhi nilikuwa navitumia kutazama wazee wa Uingereza wakifungua kabureta kwenye simu. Siku moja nikapanda matatu nikarudi nyumbani na begi moja. Mama hakuniongelesha siku nne. Siku ya tano akaniambia kikapu kiko pale, niende nichume chai kama watu wengine.

Nikachuma. Asubuhi chai, jioni natembea nikitafuta gari zilizosahaulika. Nikapata Peugeot 404 imelala nyuma ya duka Kapkatet, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nikapata Volkswagen ya mwalimu mstaafu ambayo bado inawaka kwa mara ya kwanza hata kukiwa na baridi. Nikawa narekodi, naweka sauti yangu juu, nachapisha. Watu wakapenda. Duka moja la matairi likaniita niwatangazie, halafu muuza oili, halafu jamaa wa kuosha magari. Pesa ilikuwa inaingia kidogo kidogo, kama mvua ya asubuhi. Baada ya miaka miwili nilikuwa na shilingi 412,000.

Mama alijua hiyo pesa iko. Kwake yeye jina la hiyo pesa lilikuwa karo. Kila mara aliniuliza, "Utarudi lini umalize?" na mimi nikawa namjibu, "Tutaona, mama." Mnaijua ile "tutaona" ya mtoto ambaye ameshaamua.

Mimi nilitaka rodsta. Nilikuwa nimeenda mara moja kwa Concours pale Ngong Racecourse, Nairobi, yale mashindano ambapo watu wanaleta gari za zamani zimepanguswa hadi chini ya injini, na waamuzi wanapita wakikagua. Kulikuwa na MGB moja, viti viwili, paa limekunjwa nyuma, taa za mviringo mbele kama macho ya mtu aliyeshtuka. Mwenyewe akaiwasha. Ile sauti sitaisahau. Si kelele ya subaru za mtaani. Ni mngurumo mzito, wa chini, wenye kukohoa kidogo ukiachilia mafuta. Nikasimama hapo hadi rafiki yangu akanivuta mkono.

Sasa, kama hujui MGB, hizi hapa habari zake. Ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Injini ni ya silinda nne, sisi 1798, kabureta mbili aina ya SU. Haina kompyuta wala umeme mwingi. Ukiwa na spana, bisibisi na subira unaweza kuifungua yote. Hadi leo kule Uingereza wanatengeneza vipuri vyake, hata bodi nzima mpya. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema gari ya zamani haina vipuri, kwa MGB huyo anakudanganya. Vipuri viko. Kitakachokosekana ni pesa yako.

Tatizo la Kenya ni lingine. Sheria ya kawaida ya uagizaji hairuhusu gari iliyozidi miaka 8. Huwezi tu kuamka ukaagiza MG ya 1966 kutoka Uingereza jinsi watu wanavyoagiza Vitz kutoka Japani. Maana yake, nyingi ya gari za zamani unazoona hapa zimekuwa hapa muda wote huo. Zilishuka Mombasa zikiwa mpya au karibu mpya, zikanunuliwa na mtu fulani, zikaendeshwa kwa barabara zetu, zikaegeshwa, zikasahaulika. Kila moja ina mwenyewe wa kwanza. Wakati huo sikuliwazia sana hilo. Nililiona kama jambo zuri la kusema kwa video.

Yangu niliipata Sotik. Mfuasi mmoja alinitumia picha ya kitu kimefunikwa turubai ndani ya banda la ng'ombe, gurudumu moja la nyaya linachungulia. Sotik kulikuwa na mashamba ya walowezi zamani, na baadhi ya vitu vyao bado viko kwenye mabanda ya watu walionunua mashamba hayo baadaye. Nikaenda siku iliyofuata.

Mwenye gari alikuwa mzee wa makamo, mpole, ameiridhi kutoka kwa baba yake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekuja na bwana yako?" Nikamwambia bwana yangu ni pochi. Akacheka, akavuta turubai.

Ilikuwa MGB ya 1966, rangi ya krimu, namba ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho. Rangi ilikuwa inang'aa. Viti vilikuwa vimepasuka lakini ni ngozi ya kweli. Nikaketi. Usukani ni mwembamba, mkubwa, na kutoka kwenye kiti unaona boneti ndefu mbele yako. Akaniambia 650,000. Nikamwambia nitampigia jioni. Na wallahi, ningekuwa na hiyo pesa siku hiyo ningeituma kabla hata sijafunga mlango.

Kilichoniokoa ni umaskini na fundi mmoja mzee wa Kericho mjini.

Huyu mzee alijifunza kazi akiwa kijana mdogo chini ya mafundi wa Kisikh. Kama hujui, Kericho ni mji wa Masikh tangu zamani. Gurdwara yao iko pale mjini, kubwa, nyeupe, na waumini wanatoka nchi za mbali kuja kuitembelea. Wengi wao walikuja kama seremala, wahunzi na mafundi wa mitambo. Na hapa nawapa kitu cha kujivunia: Joginder Singh, yule aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho. Fundi mwana wa fundi. Ile Volvo aliyoshinda nayo 1965, yeye na ndugu yake Jaswant, haikuwa hata mpya, ilikuwa imeshatumika kwa mashindano kabla yake. Mzee wangu akitaja jina la Joginder anashusha sauti kidogo.

Nikampigia, nikamwambia rangi inang'aa. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Imekaa kwa banda la ng'ombe miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

"Na rangi inang'aa?"

Nikanyamaza mimi.

"Msichana, rudi huko na sumaku na jeki. Usiangalie rangi. Rangi ni ya kukudanganya wewe."

Sikilizeni hii sehemu vizuri, hata kama unanunua Probox. Gari kama MGB haina chasisi ya vyuma virefu chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Na kwa sababu ni rodsta, haina paa la kusaidia kushikilia. Nguvu yote iko kwenye vile vizingiti vya chini ya mlango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Vikioza, gari inakuwa kama mkate uliolowa chai katikati. Kwa nje utaona rangi tu, kwa sababu mtu amejaza mashimo na ile pasta ya kujazia, akapiga msasa, akapaka rangi juu.

Sumaku inajua ukweli. Inashika chuma, haishiki pasta. Nikapitisha sumaku chini ya mlango wa dereva, ikaanguka. Nikasogeza, ikaanguka. Kisha nikaweka jeki ubavuni nikapandisha polepole, huku nikiangalia ule mwanya kati ya mlango na bodi. Mwanya ukaanza kufunga. Gari ilikuwa inajikunja. Nikajaribu kufungua mlango, ukagoma kabisa.

Yule mzee wa makamo aliuangalia ule mlango kwa muda mrefu. Sidhani alikuwa mwongo. Nafikiri yeye pia alikuwa amedanganywa na aliyempakia rangi. Tukakaa chini ya mti, tukanywa chai, tukaongea hadi jua likaenda. Tukakubaliana 340,000.

Halafu ikaja logbuku. Jina lililokuwa kwenye logbuku ni la baba yake, na baba yake alifariki 2011. Marehemu hawezi kukusainia uhamisho wa gari. Familia ilibidi iende kortini kuchukua barua za usimamizi wa mirathi kwanza, ndipo uhamisho ufanyike kwa eCitizen. Nikaweka amana ya 20,000 kwa mkataba mbele ya wakili, nikangoja miezi saba. Kuna watu waliniambia nichukue tu gari, "hiyo ya karatasi tutaona mbele." Usifanye hivyo. Ukitengeneza gari ya mtu mwingine kwa pesa yako, siku ndugu wa marehemu atakapotokea utakuwa umemfanyia kazi bure.

Sasa namba. Kununua, 340,000. Kukata vizingiti vyote viwili na sakafu, kuchomelea vipya, 85,000. Breki na mipira yake, 38,000. Matairi manne, 38,000. Kabureta na plagi na vitu vidogo vya injini, 27,000. Waya na betri, 22,000. Turubai la paa na viti, kwa fundi wa makochi pale Litein, 18,000. Jumla ya matengenezo 228,000. Ukijumlisha na bei, 568,000. Nilianza na 412,000, kwa hivyo ile tofauti niliitafuta kwa miezi kumi na moja, nikitangaza kila kitu isipokuwa sumu ya panya.

Ndiyo, ningenunua Probox nzuri. Mmeshaniambia. Mjomba ameniambia. Mchungaji ameniambia.

Vitu viwili vya kiufundi nilivyojifunza kwa uchungu. Cha kwanza: hii gari ni ya kabla ya mwisho wa 1967, na mwili wake umeunganishwa na upande wa chanya wa betri, si hasi kama gari za siku hizi. Nyuma ya viti kuna betri mbili ndogo za volti 6 zikifanya kazi pamoja. Kijana mmoja alitaka kunisaidia akafunga kwa mazoea, na redio yangu ikatoa moshi kabla haijatoa wimbo. Cha pili: Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Plagi zangu zilikuwa zinatoka nyeusi kama chungu. Mzee akainama, akazungusha nati iliyo chini ya kila kabureta, kidogo tu, akasikiliza, akazungusha tena. Hakutumia kifaa chochote. Alisikiliza tu.

Na mvua, jamani. Nani alinunua gari isiyo na paa Kericho, mahali mvua inanyesha karibu kila alasiri na mawe ya barafu yanaharibu chai? Mimi.

Siku ilipokamilika nikaitoa asubuhi, kabla ya mvua. Nikashuka ile barabara inayopita kati ya mashamba makubwa, kijani pande zote mbili, kimekatwa sawa kama zulia. Nilikuwa nimeweka bomba la moshi lenye sauti kubwa kidogo kuliko la kawaida, makusudi, kwa ajili ya video. Rafiki yangu akarekodi. Nikaongeza muziki wa zamani na picha chache za zamani za rangi ya kahawia, mabwana wenye kofia pana, nyumba za bati jekundu, nyasi zilizokatwa. Juu yake nikaandika: "Kericho enzi zake, watu walipojua kuishi."

Ilitazamwa zaidi ya mara laki tatu. Hakuna kitu changu kilichowahi kufika hapo. Nikalala nikicheka.

Siku iliyofuata nikampelekea Kogo.

Kogo ni mama yake mama. Nyumba yake iko chini ya barabara, ukipita miti ya mikaratusi. Yeye ndiye mtu pekee ambaye hakunisema nilipoacha chuo. Alinipa mursik na akaniuliza kama nimekula. Na Kogo ana tabia moja: akisikia gari yoyote imegeuka kuingia kwake, hata bodaboda, anatoka barazani akiwa ameweka mkono juu ya macho kuona ni nani. Nikashuka na ile MG, mngurumo umejaa kijiji kizima, watoto wanakimbia nyuma. Nikasimama mbele ya mlango. Nikapiga honi.

Kogo hakutoka.

Nikadhani amelala. Nikaingia. Alikuwa amesimama jikoni, kando ya meza. Amesimama wima, mikono imenyooka chini pembeni mwa mwili, anaangalia mbele. Kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likiitwa.

"Chamgei, Kogo."

Akageuka. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimekuletea gari uione."

Akaketi. Ilimchukua muda kuketi. Akasema, "Izime kwanza."

Nilikuwa nimeiacha ikinguruma huko nje ili asikie. Nikaenda nikaizima.

Nilijua Kogo alichuma chai kwenye shamba moja kubwa la Kericho, kila mtu wa umri wake huku alichuma au aliolewa na mtu aliyechuma. Lakini hakuwahi kunisimulia, na mimi sikuwahi kuuliza. Siku hiyo alinisimulia akimenya viazi, bila kuniangalia.

Alianza miaka ya sitini, akiwa msichana. Malipo yalikuwa kwa kilo. Majani mawili na kichipukizi, basi, ukiweka jani kubwa lililokomaa umeharibu. Kulikuwa na karani wa mizani, na kulikuwa na bwana mdogo, msaidizi wa meneja, Mzungu kijana, ambaye alikuwa na gari ndogo isiyo na paa. Mchana, karibu na saa ya kupima, ile gari ilisikika kabla haijaonekana, kwa sababu barabara inazunguka mlima. Sauti ile ile, Kogo alisema. Nzito, yenye kukohoa.

"Siku nyingine alipita tu," akasema. "Siku nyingine alisimama. Akisimama, anaweza kuchukua kikapu cha mtu yeyote akakimwaga chini. Akisema majani ni mabaya, siku yako imeisha hapo, hakuna kilo. Hatukujua ni siku gani atasimama. Kwa hivyo tukisikia ile sauti, tunasimama wote. Mikono chini, aone hatufichi kitu."

Nikamuuliza alikuwa anaitwa nani.

"Sikuwahi kumwangalia usoni. Nilijua gari."

Akamenya kiazi kingine. "Mama yako nilikuwa nambeba mgongoni. Alijua kunyamaza akisikia hiyo gari kabla hajajua kutembea."

Sitaji shamba, na wala sijui kama ile ilikuwa MG au Triumph au nini. Si gari hii yangu, hii ilikuwa Sotik. Lakini sauti ya silinda nne na kabureta mbili ni ya ukoo mmoja. Mimi nilisafiri hadi Ngong Racecourse nikasimama kama mtu aliyerogwa kwa sababu ya sauti ambayo bibi yangu, zaidi ya miaka arobaini baadaye, ikimfikia jikoni kwake, mwili wake unasimama wenyewe.

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa pole. Nikafungua ile video yangu. "Watu walipojua kuishi." Watu gani? Kwenye zile picha za kahawia, nyuma ya wale mabwana wenye kofia, kuna mstari wa vichwa vidogo katikati ya chai. Nilikuwa nimeukata ili picha iingie vizuri kwenye simu.

Niliitoa ile video. Wengi wenu mlikasirika. Mlisema naleta siasa kwenye magari, mlisema gari ni chuma tu. Nakubali, gari ni chuma. Kabureta ya SU haina dhambi yoyote, na bado nafikiri ni kitu kizuri kuliko vingi nilivyoona. Lakini mimi sikuwa nauza chuma. Nilikuwa nauza "enzi zake," na sikuuliza enzi za nani. Tukinunua gari za zamani tunapenda kukagua kutu, injini, logbuku. Tunauliza nani alikuwa mwenyewe wa kwanza, na jibu likiwa ni bwana fulani wa shamba tunaongeza bei. Hatuulizi nani alikuwa anaisikia kutoka shambani.

Na si lazima uache kuipenda. Hilo nililifikiria sana, hata niliwahi kupiga simu Sotik kuuliza kama yule mzee angeirudisha. Kilichonizuia ni yule fundi wangu. Nilienda gereji kumweleza, akanisikiliza, akajifuta mikono. Akaniambia wale mabwana waliendesha hizi gari, lakini usiku zikiharibika waliomlalia chini ni yeye na walimu wake. "Wao walijua kuiwasha," akasema. "Sisi tuliijua." Nikafikiria Joginder, mtoto wa Kericho, akimaliza mbele ya kila mtu na gari iliyotumika. Hiyo pia ni Kericho enzi zake. Mikono iliyotengeneza vizingiti vyangu upya ni ya hapa hapa.

Kwa hivyo nimeibaki nayo. Ile bomba ya kelele nimeitoa, nimeweka ya kawaida, na najua video hazivumi kama zamani. Wikendi naikodisha kwa harusi. Sehemu ya pesa hiyo naweka kwa akaunti ambayo Mama ndiye ana nywila yake, mimi sina. Sijui kama nitarudi chuo. Lakini nilimdanganya kwa ile "tutaona," na bonasi ya chai ya 2025 ilipotuangusha wakulima wengi wa upande huu, nilimwona akipiga hesabu nyuma ya kalenda akijua kabisa pesa yangu iko wapi: imeegeshwa nje, ina viti viwili, haiwezi kubeba hata gunia moja la majani. Mama hajawahi kunitupia hilo neno. Ingekuwa rahisi kama angenitupia.

Kwa Kogo nikawa naenda kwa miguu. Naegesha kule juu kwenye lami, nashuka chini kati ya mikaratusi, nabisha. Tulifanya hivyo miezi miwili, hakuna aliyeitaja.

Jumapili iliyopita nilimkuta barazani anachambua mboga. Tukasalimiana. Akaniuliza kuhusu Mama, kuhusu mvua ya Litein, kuhusu bei ya sukari. Halafu, bila kuinua kichwa:

"Ile kitu yako iko wapi?"

"Kule juu, kwa barabara."

"Watoto wa huko wataikwaruza."

Nikakaa kimya.

"Ilete," akasema. "Lakini izime pale kwa mti wa kwanza. Hapo kuna mteremko, itafika yenyewe."

Nikapanda, nikaiwasha, nikaja nayo hadi mti wa kwanza, nikazima. Ikashuka kimya kabisa, ni mawe madogo tu yalikuwa yanasikika chini ya matairi. Kogo alikuwa ameshasimama barazani, ameweka mkono juu ya macho, anaangalia ni nani anakuja.